Namba ya S, divisheni na ripoti isiyoombwa: jinsi sekondari ya binafsi inavyopimwa

Novemba iliyopita, mvua za kwanza zikiwa zimeanza kugonga mabati, jirani yangu hapa Uyole, jijini Mbeya, alinibishia hodi jioni akiwa na bahasha ya kaki. Ni mama anayenunua viazi Umalila na kuviuza Mwanjelwa, na bintiye alikuwa amemaliza darasa la saba. Ndani ya bahasha mlikuwa na fomu tatu za kujiunga na kidato cha kwanza: moja ya shule iliyopo upande wa Mbalizi, ya pili ya Tukuyu, ya tatu ya Makambako. Zote za binafsi, zote za bweni, na ada zake zilikuwa zinakaribiana.

"Mwalimu," akasema, "hii wameandika imesajiliwa na Serikali, na namba wameweka. Hii wameandika asilimia mia Divisheni I. Hii haijaandika kitu, ila mkuu wa shule alinipokea vizuri akanizungusha mpaka jikoni. Nimpeleke wapi mtoto?"

Nimefundisha kemia miaka mingi, na baada ya kustaafu nimekaa kwenye bodi ya shule ya binafsi, kwa hiyo swali hilo naulizwa kila mwaka kati ya Septemba na Januari. Kila mwaka naona watu wazima wenye akili zao, waliopata hela kwa jasho la shamba, wakichanganya vitu vitatu ambavyo kila kimoja kina ofisi yake na kazi yake. Usajili unajibu swali moja tu: je, mahali hapa pana ruhusa ya kuitwa shule? Uthibiti ubora, yaani ukaguzi wa shule, unajibu: watoto waliomo wanafundishwaje na wanaishije? Matokeo ya Baraza la Mitihani yanajibu: watahiniwa wale, mwaka ule, walipata nini kwenye mtihani? Mzazi akichukua jibu la swali la kwanza akadhani amejibiwa la pili, atalipa ada ya miaka minne kwa kitu ambacho hakukiangalia.

Nianze na neno lenyewe, binafsi, maana hata hilo huwapotosha watu. Sheria na ofisi za elimu husema "shule zisizo za serikali", na usemi huo uko karibu zaidi na ukweli. Kwetu Nyanda za Juu Kusini shule za aina hiyo zina wenye namna nyingi. Zipo za madhehebu: seminari, shule za majimbo ya Kikatoliki, za Kilutheri, za Kimoraviani. Zipo za Jumuiya ya Wazazi. Zipo zilizoanzishwa na wananchi wenyewe kupitia mifuko ya elimu ya wilaya, kama Mufindi Education Trust, ambayo katika miaka ya 1980 ilijenga sekondari wakati nafasi za serikali zilikuwa chache mno na mtoto wa mkulima wa Mufindi aliyefaulu darasa la saba alibaki nyumbani. Shule za misheni zilikuwa zimetwaliwa na Serikali kufuatia Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, hivyo pengo lilikuwa kubwa na watu wakaliziba kwa matofali yao. Mlango ulipofunguliwa zaidi miaka ya 1990, wakaja watu mmoja mmoja na kampuni. Zote hizi, ziwe za askofu au za mfanyabiashara wa mbao, zinapita kwenye mlango uleule wa Kamishna wa Elimu.

Mlango huo una ngazi

Sheria inayotawala ni Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, Sura ya 353, iliyofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 1995. Kwa sheria hiyo ni kosa kuendesha shule ambayo haijasajiliwa, na mwenye mamlaka ya kusajili ni Kamishna wa Elimu katika Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia. Watu wengi hudhani usajili ni karatasi moja inayoombwa siku moja. Kwa kweli ni safari ya hatua tatu, na kila hatua hukagua kitu tofauti.

Hatua ya kwanza ni kibali cha kuanzisha shule. Hapa hakuna mwanafunzi wala dawati. Mwombaji anaonyesha ardhi na hati yake, michoro ya majengo, andiko linaloeleza shule itakuwa ya aina gani na fedha zitatoka wapi, na karatasi zinazothibitisha kwamba yeye au taasisi yake ipo kisheria. Halmashauri na ofisi ya uthibiti ubora hutoa maoni yao juu ya eneo. Nimewahi kuona eneo likikataliwa kwa sababu lilikuwa bondeni kabisa, mahali ambapo masika maji yanatuama na shimo la choo lisingedumu.

Hatua ya pili ni kuthibitishwa kwa mwenye shule na meneja wa shule. Hawa ni watu wawili katika macho ya sheria, na hapa ndipo shule nyingi za mtu mmoja huyumba. Mwenye shule ndiye mwenye mali. Meneja ndiye anayewajibika kwa uendeshaji mbele ya Kamishna, na jina lake na sifa zake zinapelekwa ziangaliwe. Mkuu wa shule ni mtu wa tatu tena, anayesimamia taaluma na maisha ya kila siku. Mwenye shule akijifanya yeye ni meneja, mkuu wa shule, mhasibu na mpishi mkuu, siku wazazi wanapolalamika hakuna wa kumlalamikia. Ukienda kutembelea shule, uliza meneja ni nani. Ukiona watu wanatazamana, umepata habari muhimu.

Hatua ya tatu ndiyo usajili wenyewe. Majengo yakishakamilika, wathibiti ubora wanakuja kuyatazama, afisa afya anakuja kwa upande wake, na mhandisi anathibitisha kwamba jengo halitaangukia watoto. Wanataka kuona madarasa yanayotosha kwa wanafunzi 40 kila mkondo, maabara za fizikia, kemia na baiolojia, maktaba, ofisi, maji, na vyoo kwa uwiano wa tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Wanataka orodha ya walimu na vyeti vyao. Wakiridhika, ripoti inapanda juu, na Kamishna akikubali shule inapewa cheti chenye namba. Siku hizi maombi yanaingizwa kwenye mfumo wa mtandaoni wa Wizara, jambo lililopunguza safari za kwenda Dodoma na bahasha.

Cheti hicho kina mambo mengi kuliko namba, na hayo ndiyo wazazi hawayasomi. Kinasema shule ni ya kutwa au bweni, ni ya wasichana, wavulana au mchanganyiko, na inaishia kidato gani. Shule iliyosajiliwa kuwa ya kutwa haijapata ruhusa ya kulaza watoto hata kama ina vitanda 200. Bweni lina kibali chake. Kuongeza mkondo kuna kibali chake. Kuanzisha kidato cha tano na sita kuna kibali chake, na hata tahasusi, yaani michepuo ya masomo, zinaidhinishwa kwa majina, kwa sababu huwezi kufundisha PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) bila maabara na mwalimu wa baiolojia. Kubadili jina, kubadili umiliki na kuhamisha shule navyo vinaombewa. Kwa hiyo shule inaweza kuwa imesajiliwa kabisa, namba halali, huku nusu ya mambo inayoyafanya haina ruhusa nayo.

Kuna namba ya pili ambayo huchanganywa na hii. Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, linatoa namba ya kituo cha mitihani, nayo inaanza na herufi S kwa watahiniwa wa shule na P kwa watahiniwa wa kujitegemea. Namba ya usajili ya sekondari nayo huanza na S. Ni namba mbili za ofisi mbili, na mara nyingi tarakimu zake hazifanani. Shule changa inaweza kuwa na ya kwanza bila ya pili. Mzazi hugundua mtoto akifika kidato cha pili, siku ya kusajiliwa kwa mtihani wa taifa, anapoambiwa watoto "watafanyia shule jirani". Ukiuliza mapema utajibiwa mapema. Ofisi ya elimu sekondari ya halmashauri inajua, na ofisi ya uthibiti ubora ya wilaya inajua. Namba ya PREM, ile inayomtambulisha mtoto kwenye mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi, nayo husema ukweli: kama shule haimo kwenye mfumo, mtoto hahamishiki kwenda huko, hata mkuu wa shule akikuapia.

Lazima niseme jambo moja linaloniuma. Ukaguzi wa usajili hutazama shule siku ile. Miaka kadhaa nyuma, katika shule moja ya mkoa wetu ambayo sitaitaja, niliombwa kama mtaalamu wa kemia nisaidie kupanga maabara kabla ya wageni kufika. Nilipofungua maboksi nikakuta chupa za asidi na bureti zenye lebo ya shule nyingine kabisa, mwandiko wa fundi sanifu wa maabara yao ukiwa bado unasomeka. Vifaa vilikuwa vya kuazima kwa siku mbili. Kwenye orodha ya walimu kulikuwa na jina la kijana niliyemfundisha mwenyewe, ambaye wakati huo alikuwa ameajiriwa Sumbawanga na cheti chake kilikuwa kimeachwa nyuma kama dhamana. Niliondoka bila kupanga kitu, na nilisema nilichokiona. Lakini watoto waliokuja kusoma pale Januari iliyofuata walikuta meza za maabara tupu. Tangu hapo, mtu akiniambia shule imesajiliwa, namjibu vizuri, sasa tuanze kuuliza.

Watu wanaokaa kiti cha nyuma

Baada ya usajili, kazi inahamia kwa wathibiti ubora wa shule. Wazee wenzangu bado wanawaita wakaguzi. Jina lilibadilika pamoja na namna ya kufanya kazi: mkaguzi wa zamani alikuja kutafuta makosa ya mwalimu, mwalimu akaficha makosa, na wote wakaachana bila mtoto kufaidika. Mwongozo uliotolewa mwaka 2017 ulijaribu kugeuza mambo, ukataka shule ijitathmini yenyewe kwanza kupitia timu yake ya ndani, kisha wageni waje kulinganisha inachojisema na wanachokiona. Mfumo una ofisi za wilaya na za kanda, na ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini ipo hapa jijini Mbeya.

Wanatazama maeneo sita. Mafanikio ya wanafunzi. Ubora wa ufundishaji, ujifunzaji na upimaji. Namna mtaala unavyotekelezwa. Uongozi na usimamizi. Mazingira ya shule pamoja na afya na usalama. Na ushiriki wa wazazi na jamii. La mtaala na la ushiriki nitayapita, ingawa tangu Januari 2024 mtaala ulioboreshwa ulipoanza wamekuwa wakiuliza kwa makini kama shule ina vitabu vipya vya Taasisi ya Elimu au bado inafundisha kwa nukuu za mwaka juzi.

Eneo la ufundishaji ndilo moyo wa ziara. Mthibiti anaingia darasani kipindi cha kawaida, anakaa kiti cha nyuma, na hasemi kitu. Amebeba andalio la somo la mwalimu na azimio la kazi. Anachofanya halafu ndicho kilichonifundisha mengi nilipokuwa kijana: anachukua madaftari matatu, la mtoto anayejulikana kuwa hodari, la wa katikati, na la yule anayekaa karibu na dirisha bila kunyoosha mkono. Anahesabu mazoezi tangu muhula uanze. Anatazama kama kalamu nyekundu imepita, na kama imepita, imeandika nini. "Vema" tupu kwenye kila ukurasa si masahihisho. Kuna mwaka mthibiti mmoja mwanamke alinionyesha daftari la mwanafunzi wangu aliyekuwa amekosea kusawazisha mlinganyo uleule mara nne ndani ya mwezi mmoja, na mara zote nne nilikuwa nimeweka mkasi nikaendelea. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwalimu, huyu unamrudia lini?" Jioni ile nilikaa na yule kijana mpaka kengele ya chakula.

Upande wa walimu wanaangalia pia sifa. Kwa sheria hakuna anayeruhusiwa kufundisha bila kusajiliwa au kupewa leseni, na tangu itungwe Sheria Na. 6 ya mwaka 2018 ipo Bodi ya Kitaalamu ya Walimu. Walimu kutoka nje ya nchi, ambao si wachache kwenye shule za binafsi za mikoa hii inayopakana na Zambia na Malawi, wanatakiwa wawe na vibali vya kazi na vya ukaazi. Na wanauliza swali ambalo mzazi naye anapaswa kuuliza: walimu hawa wamekaa hapa muda gani? Shule inayobadilisha mwalimu wa hisabati kila muhula ina tatizo la mshahara au la uongozi, na mtoto ndiye anayelilipia.

Eneo la mazingira kwetu huku lina uzito wake kwa sababu ya baridi na mabweni. Agosti 2009, bweni la wasichana la Shule ya Sekondari Idodi, mkoani Iringa, liliungua usiku na wanafunzi 12 wakafariki. Idodi ni shule ya serikali, lakini somo lake liliingia kwenye kila bweni la nyanda hizi, na asiyelikumbuka hapaswi kulaza watoto wa watu. Mthibiti anapoingia bwenini anatazama milango ni mingapi na inafunguka kuelekea wapi, madirisha yana nondo au hayana, vitanda vimeachiana nafasi gani, vizima moto vimekaguliwa lini, na mlezi analala wapi. Anatazama nyaya. Umeme ukikatika, watoto wanasomea nini? Kama jibu ni mshumaa, mazungumzo yanabadilika pale pale. Kule Makete na Njombe, ambako Juni na Julai umande huganda asubuhi, anauliza maji ya kuoga yanachemshwaje na kuni zinatoka wapi, na anataka kuona stoo ya chakula, si menyu iliyobandikwa ukutani. Mpishi ana cheti cha afya? Gunia la maharage limekaa juu ya nini? Haya ni maswali madogo, lakini homa ya matumbo haianzii kwenye makaratasi ya Wizara.

Mwisho wa ziara wanaandika ripoti. Inasema shule iko wapi katika kila eneo, ina nguvu gani, ina upungufu gani, na nini kifanyike kabla ya lini. Nakala huenda kwa mwenye shule, kwa mkuu wa shule na kwa bodi, na nyingine hupanda juu. Upungufu ukiwa mkubwa wanarudi kufuatilia. Shule inaweza kuonywa, kuzuiwa kupokea wanafunzi wapya, na mwisho kabisa Kamishna anaweza kufuta usajili.

Udhaifu wa mfumo huu nao niuseme. Shule ni nyingi, wathibiti ni wachache, na barabara za huku masika unazijua. Shule inaweza kupita muda mrefu bila kutembelewa kwa ziara nzima. Tena ushauri wa mthibiti hauna meno peke yake. Anapendekeza, na wengine ndio wanaoamua. Ila kwa maoni yangu, baada ya miaka yote hii, ripoti ile ndiyo karatasi yenye ukweli mwingi zaidi kuhusu shule yoyote, na ndiyo karatasi ambayo karibu hakuna mzazi anayeiulizia. Kwenye bodi yetu nimehudhuria vikao vya wazazi vingi sana. Wanauliza ada, sare, basi la likizo, na kwa nini mtoto amekonda. Ripoti imekaa mezani mbele ya mwenyekiti na hakuna aliyenyoosha mkono.

Asilimia mia ya wangapi?

Kinachoulizwa ni matokeo. Ni haki ya mzazi, na matokeo yana maana. Kanda yetu ina sababu ya kujivunia: katika kidato cha nne cha mwaka 2017 St. Francis Girls ya Mbeya iliongoza nchi nzima, na Bethel Sabs Girls ya Iringa ilikuwa ndani ya kumi bora. Mambo hayo hayaji kwa bahati. Lakini mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kabisa kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora, kwa hoja kwamba watoto hawasomi katika mazingira yanayofanana na kwamba orodha ile ilikuwa imegeuka tangazo la biashara. Wenye shule wengine walinung'unika. Mimi naona Baraza lilifanya vyema, kwa sababu nimeona orodha ile ilivyobadilisha tabia za watu.

Tuanze na hesabu. Kidato cha nne, A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5, zinachukuliwa alama za masomo saba yaliyofanywa vizuri zaidi. Divisheni I ni kuanzia pointi 7 mpaka 17. Mwenye A saba ana 7. Mwenye B nne na C tatu ana 17, naye ni Divisheni I. Kwa hiyo shule mbili zinaweza zote kuandika "asilimia mia Divisheni I" huku moja ikiwa na watoto wa A na nyingine ikiwa na watoto waliopenya kwa ukucha. Kwenye ukurasa wa matokeo wa Baraza kila kituo kina wastani wake wa alama, unaoitwa GPA, na ukiwa mdogo ndio mzuri. Chini yake kuna wastani wa kila somo. Huko ndiko kwa kusoma. Shule inaweza kung'ara kwa Kiswahili na Uraia huku Fizikia imefanywa na watahiniwa sita tu.

Kisha hesabu vichwa. Hii ni kazi ambayo mzazi yeyote mwenye simu anaweza kuifanya, na ndiyo niliyomfanyia jirani yangu meza ikiwa imejaa vikombe. Fungua matokeo ya kidato cha nne ya shule unayoitaka, hesabu watahiniwa. Halafu rudi nyuma miaka miwili, fungua ya upimaji wa kidato cha pili ya shule hiyohiyo, hesabu tena. Tuseme kidato cha pili walikuwa 92 na kidato cha nne wako 61. Watoto 31 wako wapi?

Wengine wamehama kwa sababu za kweli. Ada imemshinda mzazi baada ya bei ya parachichi kushuka, au baba amehamishwa kikazi. Wengine wamekariri darasa. Lakini wengine wamechujwa: shule imejiwekea wastani wake wa ndani, mtoto hajaufikia, mzazi ameitwa akaambiwa amtafutie shule nyingine, au mtoto ameandikishwa kituo kingine ili alama zake zisiharibu asilimia mia. Wizara imekataza jambo hilo mara kadhaa na wengine bado wanalifanya kwa lugha laini. Shule ya namna hiyo imechagua wa kuwafundisha, na tangazo lake linakuonyesha waliobaki. Mtoto wako akiwa wa katikati, yule anayehitaji mwalimu wa kumrudia, ujue tangazo lile halikumhesabu. Kwa upande mwingine kuna shule inayopokea watoto wa wastani wa C, inabaki nao wote 70, na wote 70 wanaingia chumba cha mtihani. Nusu yao wanapata Divisheni II na III. Kwa kipimo cha gazeti ni shule ya kawaida. Kwa kipimo cha ufundishaji huenda ndiyo iliyofanya kazi kubwa kuliko zote.

Tulipomaliza kuhesabu, ile shule ya asilimia mia ilikuwa imepoteza karibu theluthi ya watoto wake ndani ya miaka miwili. Ile yenye namba ya usajili kwenye fomu ilikuwa na usajili wa kweli, ila wa kutwa. Kibali cha bweni kilikuwa "kinashughulikiwa". Jirani yangu alizitia fomu hizo mbili kwenye bahasha, akabaki na ya tatu mkononi.

Wiki iliyofuata alipanda basi kwenda Makambako. Nilikuwa nimemwandikia maswali manne kwenye karatasi ya daftari, na la mwisho lilikuwa kuhusu ripoti ya mwisho ya wathibiti ubora. Aliponisimulia baadaye alisema aliona haya kulitoa, akalisoma huku ameangalia chini. Mkuu wa shule alinyamaza kidogo, kisha akavuta droo akatoa faili la kijani. Walikaa nalo pamoja. Kwenye ukurasa wa mazingira iliandikwa kwamba shule ina matundu 9 ya vyoo kwa wasichana 214, na kwamba yaongezwe.

"Nikapiga hesabu ya tundu moja watoto 20," akaniambia, "nikaona wanahitaji 11. Nikamuuliza, baba mkuu, hayo mawili yako wapi?"

Mkuu wa shule hakujieleza. Alisimama, akachukua mwavuli, wakazunguka nyuma ya bweni kwenye matope. Kulikuwa na shimo limeshachimbwa na kujengewa kwa matofali ya kuchoma, na fundi mmoja akichanganya zege chini ya turubai kwa sababu ya mvua. Yule mama alichungulia ndani, akauliza kina, akauliza mlango utaelekea wapi. Halafu wakarudi ofisini, akaomba namba ya akaunti ya shule.